Kitoweo cha Risaga

Tangu alfajiri ya Ijumaa ile Nyangi hakutulia. Alipuliza moto, akatoka kutazama mawingu, akarudi kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, akatoka tena. Mama mkwe wake, Gati, aliyekuwa akiota moto jikoni huku amejifunika shuka, alimtazama anavyoingia na kutoka mpaka shingo ikamuuma.

"Kaa chini, mwanangu," alisema. "Unanizungusha kichwa. Hilo shamba halina miguu."

Lakini lilikuwa nayo, na wote wawili walijua. Mzee Wangwe, baba mkwe, alikuwa ametamka mbele ya wanawe kwamba shamba la ulezi la kule bondeni, likifika Jumapili bado limemezwa na magugu, atampa Agustina, mke wa mwanawe mkubwa Method. Ubaya wa maneno ya mzee ni kwamba yalikuwa na akili. Agustina alikuwa na watoto wengi na kashamba ka mawe huko juu mlimani. Nyangi hakuwa na mtoto, na mumewe Hezekia alikuwa mbali, akiwapikia wazungu kwenye kambi ya machimbo. Juu ya hayo alikuwa msichana wa kutoka Turwa, karibu na Bomani mjini, na hapa Nyarero watu walishaamua zamani kwamba wasichana wa kule wanajua kutembea tu, jembe hawalijui. Basi mvua iliponyesha na magugu yakaota, yalimkuta peke yake, na yakamshinda.

Nyangi alilitaka shamba lile kwa uchungu. Mke asiye na shamba kwao mumewe anakula kwa ruhusa, anaingia jikoni kwa ruhusa, hata kikohozi anakibana. Alikuwa amechoka kubana kikohozi.

Dawa ya magugu ilikuwa moja tu, risaga. Unaalika majirani, wanakuja na majembe yao, wanalima, na wewe unawalisha. Ujira mwingine hakuna. Aliyekula chakula cha risaga lazima ashike jembe, na aliyeshika jembe lazima ashibe. Ukimrudisha kwake na njaa, mwakani utalima na kivuli chako. Wengi pale kijijini kwenye risaga walifuata pombe ya ulezi. Nyangi na Hezekia walikuwa Wasabato, na Msabato hapiki pombe hata magugu yakifika kwenye paa. Kwa hiyo Nyangi alialika akina mama wa kanisani kwake, chini ya Mama Waisiko, watu wasioonja pombe na ambao, labda kwa sababu hiyo, walikula vizuri sana. Agustina na wenzake wa misheni ya Katoliki waliposikia hakuna pombe walicheka, wakasema wana mahindi ya kupukuchua.

Kitoweo ndicho kilichokuwa kikimhangaisha. Kuku walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa kideri, ng'ombe alikuwa amekausha maziwa, na kuchinja si neno la mwanamke. Kilichobaki ni makopo ya samaki ambayo Hezekia alikuja nayo mara ya mwisho, kapewa na bwana wake aliyekuwa akihama. Hezekia alimwonyesha namna ya kutoboa kopo kwa kisu na kukizungusha taratibu asijikate. "Ukikwama, fungua," alimwambia. Haya, alikuwa amekwama.

"Samaki gani hana mfupa wala kichwa?" Gati alisema, akichungulia ndani ya kopo la kwanza. "Huyu kuna mtu alishamtafuna kabla yetu."

Makopo yalikuwa machache na midomo mingi. Nyangi alimimina mafuta ya makopo kwenye sufuria, akakaangia vitunguu hayo hayo, maana mafuta mengine hayakuwapo. Akatia nyanya, akazikandamiza mpaka zikalegea, kisha majani ya kunde aliyokuwa ameyachemsha mapema, kisha karanga zilizotwangwa. Alipoona mchuzi umekuwa mzito ndipo akamtia samaki, akimchambua kwa vidole ili kila tonge lipate japo chembe. Hezekia alikuwa amemwonya asimkoroge sana, atapotea. Alikoroga kidogo, akaonja. Akaenda mlangoni kutazama jua, akarudi, akaonja tena. Gati naye alichota kijiko, akasema anatazama kama hakuna sumu, akachota kingine. Sumu hiyo aliitafuta kwa bidii.

Adhuhuri akina mama walipanda kutoka bondeni, nusu ya shamba ikiwa safi. Walinawa, wakaketi kwenye kivuli cha ghala, mbele yao ugali wa ulezi na muhogo unafuka moshi. Mama Waisiko aliomba sala ndefu. Kisha akafunua sufuria, na mkono wake ukabaki hewani.

"Ni samaki?" aliuliza.

"Ni samaki, mama."

"Kambale?"

"Si kambale. Ni wa kopo, kutoka kwa wazungu."

"Ana magamba?"

Nyangi alifundishwa mambo haya kabla ya kubatizwa, na aliyemfundisha ni huyu huyu Waisiko: samaki mwenye magamba analiwa, asiye na magamba ni najisi, ndiyo maana kambale na kamongo hawaingii katika nyumba za Wasabato. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Lakini samaki wa kopo hakuwahi kumfikiria kama samaki. Alimfikiria kama chakula cha wazungu, kitu kilichozaliwa ndani ya kopo.

Alikimbia jikoni akaleta kopo tupu. Kwenye karatasi iliyolizunguka kulikuwa na picha ya samaki mnene, mgongo wa buluu, laini toka kichwani mpaka mkiani. Kopo likapita mkono hadi mkono. Mama mmoja alimkwaruza samaki kwa ukucha, kana kwamba magamba yangeweza kubanduka kwenye karatasi.

"Huyu ni kambale wa baharini," mwingine alisema kwa huzuni, maana harufu ilikuwa imeshamfika.

"Nyangi," Mama Waisiko alisema, na wala hakusema kwa ukali. "Sisi hatumjui. Wewe ndiye uliyempika. Ukisema ana magamba, tunakula."

Mlangoni mwa jikoni Gati alimkodolea macho: sema anayo. Nyangi aliliona shamba kule chini, nusu lake jeusi kwa kulimwa na nusu bado la kijani. Neno moja tu na jioni lingekuwa jeusi lote. Alifungua mdomo akiwa ameshakusudia kulisema. Akamwona Mama Waisiko anamsubiri, ameshika tonge la ugali, anamwamini kabisa.

"Sijui," alisema. "Kweli, mama, sijui."

Walikula ugali kwa chumvi, na ugali kwa chumvi haufiki mbali. Walimshukuru. Kisha mmoja akakumbuka hana kuni za Sabato, mwingine akakumbuka mtoto wake anaumwa, wa tatu hakukumbuka kitu ila aliondoka. Mama Waisiko alirudi shambani peke yake akalima kidogo, mpaka mgongo ukamkatalia. Hakuna aliyekasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Nyangi zaidi. Alizunguka ile sufuria akiwa na hasira na samaki, na Hezekia, na ulimi wake mwenyewe. Alishika jembe, akaliweka, akalishika tena.

Gati hakumbembeleza. Alikuwa mtu wa mila, hakuwa na dhehebu, na mambo ya magamba aliyaona ni ya watu walioshiba. Alibeba sufuria akaiweka karibu na ua wa miti uliotenga boma lao na la Agustina, akaifunua, akausukuma mvuke kwa kanga yake. Upande wa pili Agustina na wenzake walikuwa wakipukuchua mahindi, watoto wamewazunguka.

"Mama Joram," Gati aliita. "Leo mnakula nini huko?"

"Tutakula nini, mama," Agustina alijibu. "Ijumaa nyama haturuhusiwi, hata tungekuwa nayo."

"Na samaki?"

Mahindi yaliacha kudondoka kwa muda.

"Samaki tunaruhusiwa."

"Basi njooni. Kinapoa."

Watoto walifika kwanza, nyuma yao wale akina mama wakijipangusa vumbi la magunzi. Hapo ndipo Nyangi alipoelewa mama mkwe anafanya nini. Alikuwa na nafasi ya kusema kwamba hicho ni chakula cha risaga. Yeye aliyeshindwa kudanganya kuhusu magamba alishika upawa, akapakua, akanyamaza. Aibu ilimchoma masikio, lakini tumaini lilikuwa kubwa kuliko aibu, na mkono wake haukusita.

Agustina alikuja wa mwisho. Alitazama majembe ya nyumba yaliyoegemea ukuta, akatazama ugali uliokatwa kwa ajili ya watu wengi, akatazama wanawe ambao tayari walikuwa wakilamba vidole.

"Mama," aliuliza polepole, "hiki si chakula cha risaga?"

"Ni chakula," Gati alisema.

Agustina alimgeukia Nyangi. Nyangi alitazama chini. Basi Agustina aliketi kati ya wanawe, akanawa, akala. Alikula kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu na kuona jibu ni lile lile, ale asile. Alisema karanga zimekolea. Alipoifuta sufuria kwa tonge la mwisho, Gati alikohoa, akaonyesha majembe kwa kidevu.

"Hatukuambiwa," mmoja wa wale wanawake alinung'unika.

"Tumekula," Agustina alisema. Aliinuka wa kwanza, akachagua jembe.

Walilima kwa haraka, midomo imefungwa, kwa sababu kila mmoja alijua analima shamba la nani na nani alikuwa akilitaka. Nyangi alishika mstari uliopakana na wa Agustina. Alimwona anavyouzunguka kila mche wa ulezi, anavyouinamia, anavyojua wapi udongo unashika maji na wapi unahitaji kuvunjwa. Huyu alikuwa amelilima shamba hili kichwani mwake kwa muda mrefu.

"Hapa chini," Agustina alisema bila kugeuka, "nilikuwa nimepanga kupanda viazi. Watoto wanapenda viazi."

Nyangi alitaka kuomba radhi, akaona radhi hiyo itakuwa ya uongo, kwa sababu shamba bado alilitaka.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na likizama Sabato ingeingia na jembe lake lingekuwa haramu. Alikuwa akilitazama jua, akitazama magugu yaliyobaki, akilitazama tena, mpaka akaukata mche mzima wa ulezi badala ya gugu. Walikuwa wamebakiza ukingo tu wakati Mzee Wangwe alipotokea njiani na fimbo yake. Alisimama mbali, kama inavyompasa baba mkwe panapolima wake za wanawe, akaupa uso wake mlima.

"Nani amelima hapa?" aliuuliza mlima.

Majembe yalisimama. Nyangi alihesabu kwa macho: sehemu kubwa ya weusi ule mpya ilikuwa ya Agustina. Agustina angesema tu "mimi," na asingekuwa amedanganya. Nyangi alibana mpini mpaka viganja vikauma. Yeye mwenyewe hakuthubutu kujibu, maana hakujua jibu lake lingekuwa la kweli kiasi gani.

"Ni risaga ya Nyangi, baba," Agustina alisema. "Sisi tulikula kwake."

Mzee alikwaruza ardhi kwa fimbo.

"Basi ni lake," alisema, akaondoka alikotoka.

Wanawake walimalizia ukingo. Nyangi alikuwa akingoja furaha aliyoiota tangu mvua za kwanza, na ilikuja, lakini haikuja peke yake. Alimfuata Agustina, ambaye alikuwa akikung'uta udongo miguuni.

"Mama Joram. Kitoweo kilichobaki, beba, uwapelekee watoto jioni."

"Hakikubaki, mwenzangu," Agustina alisema. "Sufuria niliifuta mimi mwenyewe."

Alimrudishia jembe, akaanza kupanda mlima kwenda kwake, na Nyangi akabaki katikati ya shamba lake.