Nati Tano za Gurudumu la Kushoto

Mzee Mbithi, aliyefunga magurudumu kiwandani miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, anashiba maharagwe, anajilaza kwenye kochi mchana kweupe, na hata hajakoroma vizuri kochi linaanza kutembea. Linakwenda mwendo wa laini ya kuunganishia magari, polepole, linapenya ukuta kama ukuta ni pazia, na huyo mzee yumo kiwandani, ila kiwanda hiki hakina mwisho, na sakafu yake inang'aa mpaka kila gari lina pacha wake chini, gurudumu juu ya gurudumu. Mtu wa ovaroli ya buluu anamngoja. Uso hana, pale pa uso ni laini kama bati lisilopigwa rangi. Karibu mgeni, anasema, leo unatembezwa. Mgeni nani? anauliza Mbithi, mimi nimezeekea hapa. Aliyezeekea mlangoni, anajibu yule, bado hajaingia nyumbani.

Basi wanatembea. Milango inashuka kutoka darini kama popo waliofundishwa kazi, inajipachika. Viti vinaingia vyenyewe madirishani. Injini zinajikohoza na kutulia. Na Mbithi hashangai, anatazama kama mtu anayetazama mvua ya kijiji kingine. Kila nati ikishakazwa inapakwa doa la manjano, ndiyo desturi ya laini, ili anayefuata asiulize. Mara linapita gari jeupe, na ndani ameketi mkewe, Syombua, leso mpya kichwani, mkoba mapajani. Wee Baba Nduku, anamwambia, umesimama tu mikono mfukoni kama mkaguzi? Mbithi anatazama gurudumu la mbele, la kushoto. Nati tano, madoa matano. Anaujua mwandiko wa madoa hayo, ni mkono wake mwenyewe. Na anakumbuka, bila papara, zile siku za kuwahi chai ya saa nne, alipokuwa akipaka rangi kwanza ili akaze baadaye, na hiyo baadaye mara nyingine haikufika. Hizi nilizikaza? anamuuliza asiye na uso. Doa linajua kupakwa, anajibiwa, mengine waulize vidole. Jibu vizuri bwana, huyo ni mke wangu! Laini hii inaishia wapi? Barabarani, anajibu yule. Mbithi anaongeza hatua, laini inarefuka. Anakimbia, gari linazidi kuwa dogo. Anageuka kwa hasira aende zake, na hapo ndipo gari linapomkaribia, basi anatembea kinyumenyume, kinyumenyume, mpaka gurudumu linamgusa kisigino, naye analidaka kwa mikono mitupu na kulinyonga.

Niachie mguu, wewe mzee! Ni Syombua, amesimama kando ya kochi, kifundo cha mguu wake ki mikononi mwa Mbithi. Nje teksi inapiga honi, imekuja kumpeleka kwa dada yake Kitui. Ni nyeupe. Mbithi anachomoa spana uvunguni, anatoka peku, anapiga goti mbele ya gurudumu la kushoto. Dereva anacheka: Mzee, hii gari haijamaliza hata mwezi, utaitafutia nini? Mbithi anashika nati ya kwanza kwa vidole vitupu. Inazunguka. Ya pili nayo inazunguka. Anainua macho amwone dereva ana uso wa namna gani, lakini jua limesimama nyuma ya kichwa chake, hapaonekani kitu. Baba Nduku, anaita Syombua mlangoni, umeamka kweli au bado? Ngoja kwanza, anasema Mbithi, zimebaki tatu.