Mpaka Aseme Mwenyewe

Tangu asubuhi Mwatum hakumnyonyesha mwanawe. Bi Mwanabaraka, mavyaa yake, mama wa marehemu mumewe, alimchukua mtoto huyo, Time, alfajiri, hata macho hajayafumbua sawasawa, akasema, "Bibi harusi hakai na mtoto kifuani. Niachie mie." Akenda naye chumba cha pili. Sasa alasiri imekwishaswaliwa, kanga ya Mwatum imelowa maziwa pande zote mbili, na kilio cha mtoto wa miezi kumi na moja kinapita ukuta wa udongo kama vile ukuta haupo.

"Mleteni anyonye, mara moja tu," Mwatum alimwambia shangazi yake.

"Atakuja ukishaozwa." Bi Mwanawema alikuwa akimfunga ukaya wa kichwani, pini mdomoni. "Tulia basi. Unatikisika kama kuku wa sadaka."

Wanawake waliokaa mkekani wakacheka. Mwatum hakucheka.

Ilikuwa harusi isiyo na ngoma, kwa kuwa ni ya mjane. Mumewe, Ngwali, alianguka kutoka juu ya mkarafuu, tawi likiwa mkononi mwake, na hakuiona siku ya pili. Mwatum alikaa eda, miezi minne na siku kumi. Ilipomalizika tu, ami yake, Mzee Shaame, aliyemlea tangu baba yake kufa, alikwenda kuzungumza na ukoo wa marehemu. Wakanywa kahawa, wakasema mtoto asitoke nje ya ukoo, basi mjane aolewe na Ame, mdogo wake Ngwali. Mwatum aliletewa habari hiyo akiwa jikoni, anakuna nazi.

Ame hakuwa mtu mbaya. Alikuwa shemeji wa kuchekeshana naye. Lakini kila Mwatum alipojaribu kumfikiria kuwa mume, aliona uso wa Ngwali uliokosewa kidogo, akaingiwa na baridi.

Hakumwambia mtu. Aliweka jambo moja moyoni. Kabla ya msiba alikuwa akienda darsa ya wanawake baada ya magharibi, kwa mke wa imamu hapo hapo Wambaa, na usiku mmoja walisomeshwa mlango wa ndoa. Mwalimu alisema mwanamwali akinyamaza, ukimya wake ni idhini. Mjane sivyo. Mjane mpaka aseme mwenyewe, kwa ulimi wake, watu wasikie. Asiposema, hapana ndoa. Tangu habari ile ya jikoni Mwatum alikuwa amelishika hilo. Atanyamaza tu. Hatamjibu vibaya ami aliyemlisha. Dini yenyewe itamkatalia.

Nje ya pazia la chumba viatu vilivuliwa mlangoni. Sauti ngeni ya kiume ilitoa salamu, wanawake wakaitika. Ilikuwa ya Shehe Hamad wa Chake Chake, aliyeitwa mchana ule ule kwa sababu mwozeshaji wa mtaani alikuwa amelala na homa. Alikuja na mashahidi wawili, na Mzee Shaame nyuma yao.

"Mwatum binti Faki," alisema Shehe. "Ami yako amenipa uwakala nikuozeshe kwa Ame bin Haji, kwa mahari mliyokubaliana. Umeridhia?"

Mwatum alinyamaza. Ng'ambo ya ukuta Time alilia mpaka pumzi zikamkatika, kisha akaanza upya.

"Umeridhia, mwanangu?"

Akanyamaza. Maziwa yalimtiririka tumboni.

"Mara ya tatu nakuuliza. Umeridhia?"

"Ameridhia, Shehe!" Bi Mwanawema aliitika kwa furaha. "Si unaona kimya chake? Ana haya huyu!"

"Alhamdulillahi," alisema Shehe. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

 Mwatum aliwasikia wanaume wakigeuka waende barazani kufunga ndoa. Shehe alikuwa mgeni, hakuambiwa. Kwake yeye nyuma ya pazia kulikuwa na mwanamwali, na ukimya ule alioutegemea ulikuwa unamwoza.

Kusema mbele ya wanaume! Shangazi tayari alikuwa amemshika mkono, kucha zimezama.

"Shehe," alisema Mwatum. Sauti ilitoka ndogo. Akaongeza. "Shehe, mie ni mjane."

Kigelegele kilikatika katikati.

"Mwatum!" Mzee Shaame alifoka nje. "Funga mdomo wako! Shehe, usimsikilize, akili haijamtulia tangu msiba."

"Hukuniambia kuwa ni mjane, Mzee Shaame."

"Ulitaka nikwambie nini? Binti ni binti."

"Sivyo kabisa." Shehe alirudi kwenye pazia. Alitega sikio, kisha akauliza jambo ambalo Mwatum hakulitarajia. "Huyo anayelia ni nani?"

"Mwanangu. Tangu asubuhi hajanyonya. Wanasema ataletwa nikishaozwa."

Nje mtu alikohoa. Mmoja wa mashahidi alisema polepole, "Lahaula."

"Mpeni mtoto wake," alisema Shehe. "Mtu aliyeshikiwa mwanawe simuulizi kitu. Na akishapewa, jawabu lake ni lake, akubali au akatae, na mtoto hanyang'anywi kwa jawabu hilo. Mnanisikia?"

Bi Mwanabaraka alisimama mlangoni, Time begani, uso wa mtoto umevimba kwa kulia. Hakumtoa mara moja. "Mwanangu nimemzika," alimwambia Mwatum. "Huyu ndiye niliyesaliwa naye. Ukiolewa na mtu wa mbali, mie n'tamwona wapi?"

 Mwatum alinyoosha mikono tu. Mavyaa akamwachia mtoto, na Time akaliparamia ziwa kwa mikono yote miwili, akikoroma kwa pupa.

Shehe alingoja. Kisha akauliza kwa mara ya nne.

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Mtoto alikuwa kifuani, hofu imeondoka, na neno "ndio" lilikuwa jepesi sana; chumba kizima kingemkumbatia. Mwatum alimtazama mavyaa yake, mama mzima aliyejikunyata kizingitini.

"Sikuridhia," alisema. "Ame ni ndugu yangu. Niwieni radhi, ami."

 Nyayo za Mzee Shaame zilisikika zikivuka uwanja, kisha lango la makuti likabamizwa. Mwatum alijua kuwa kuanzia leo chakula cha nyumba hii ya ami kitakuwa na uchungu, na huenda asikipate kabisa.

Barazani Ame aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo asiothubutu kulalamikia, "Sasa kanzu nivue?"

"Vua, yakhe," alijibiwa. "Lakini kula kwanza, pilau limepikwa."

Bi Mwanabaraka alikuwa bado kizingitini. Mwatum alisogea mkekani, akaacha nafasi.

"Kaa, mama," alisema. "Akishiba umcheulishe wewe."

Mwanamke yule alitazama nafasi ile muda mrefu. Hakukaa. Lakini hakuondoka pia.