Kidonda Kimefunga

Tabisa alifika ziwa la chumvi kwa boda kutoka Bwera, ameketi upande, paja moja likining'inia ili mshono usiguse kiti. Aliposhuka, mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hata kandambili haikuingia.

Tangu madaktari wamkate saratani ya sehemu za siri, pamoja na tezi za kinenani, maji ya mguu huo hayakuwa na pa kwenda. Mkojo nao ulipoteza njia. Ulimtawanyikia mapajani, akawa anaoga kila atokapo chooni. Mumewe, Jonan, alihamia chumba cha watoto.

Alikuja kuomba kitu kimoja tu, kiangazi hiki asiingie majini. Kiwanja cha chumvi, kipande cha ziwa anamosimama kuvuna, alikirithi kwa mama yake, na kamati ya ziwa ilikuwa na sheria: kikilala kiangazi kizima bila kuvunwa, hupewa mwingine.

Mwenyekiti Blasio alimsikiliza kivulini, kati ya wanakamati wenzake.

"Ugonjwa gani?"

"Ya wanawake, mwenyekiti."

"Wanawake yote iko na ugonjwa ya wanawake. Sisi tutajuaje?"

Akamtuma Feresita, mwanamke pekee katika kamati, akamwangalie. Wakaenda nyuma ya marundo ya chumvi. Tabisa akapandisha kitenge. Tangu hospitali hakuwa amethubutu kujitazama hapo, kwa hiyo aliutazama uso wa Feresita. Aliona midomo ikifunguka, kisha macho yakikimbilia ziwani.

"Pole, dada," Feresita alisema polepole. "Funika."

Wanaume walikuwa wakiwangoja.

"Kidonda iko wazi?" Blasio aliuliza.

"Hapana. Imefunga. Lakini mwenyekiti, hakuna kitu pale. Walitoa yote."

Mmoja akakohoa. Mwingine akawa anachora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Mimi sikuuliza nini walitoa. Imefunga. Aingie maji kama wengine, ao aache kiwanja."

Tabisa alijifunga plastiki chini ya kitenge, akaingia. Maji mazito yalipanda magotini, mapajani, yakapenya plastiki. Kovu likawaka. Hakuwa amejua kwamba nyama iliyobaki bado inaweza kuuma hivyo. Aliuma kitenge, akainama kutafuta chumvi chini.

Ukingoni Blasio alikuwa tayari anasikiliza shida ya mtu mwingine, na Feresita alikuwa ameketi tena mahali pake. Lakini neno la alichokatwa lilishatangulia. Katika viwanja vya jirani wanawake waliacha kazi. Walimjua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Waliinua vichwa wote, na hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni.