Daftari la Twiga

Jumatatu saa nne kasoro robo, chai ikiwa bado haijamiminwa, mguu mmoja wa meza ya mwalimu wa lugha ulitoboa sakafu ya mbao ya chumba cha walimu ukazama shibiri nzima. Mwalimu wa hesabu, jirani yake, alisogeza kikombe. Alisema ni yale madaftari ya kidato cha tatu tena, na kwamba ya kwake siku hizi huyaacha darasani, maana mgongo hauazimwi.

Habari ya uzito kila mtu aliijua. Daftari lililosahihishwa bila kusomwa liliongezeka uzito, gramu chache kwa kila tiki. Walimu wapya waliambiwa hilo siku ya kwanza, pamoja na kuonyeshwa choo. Lakini wakaguzi walitaka tiki na saini kila Ijumaa, darasa moja lilikuwa na wanafunzi sitini na wanane, na mwalimu wa lugha alikuwa na madarasa matano. Hakuwa mvivu. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili ambaye hata karatasi iliyofungiwa sabuni aliisoma kwanza kabla ya kuitupa. Alipiga tiki kwa sababu siku ilikuwa na saa zile zile za watu wote.

Seremala wa shule alipanda na nyundo yake. Alianza kuyapunguza madaftari mezani, akiyapima mkononi kama anayechagua viazi, mpaka akafika la chini kabisa, likakataa kunyanyuka. Akamwita mlinzi. Wawili hao walilivuta kwa kamba, likaanguka chini kwa kishindo, na vikombe vikatikisika kabatini.

"Mama, hili ni la nani?" aliuliza seremala akijifuta jasho.

Lilikuwa la Twiga, msichana mrefu wa dawati la nyuma, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote shuleni. Walimu waliwahi kuliinua daftari hilo mbele ya madarasa mengine, enzi lilipokuwa bado linainulika, ili watu waone kazi safi.

Kwa kuwa halikuweza kurudi mezani, mwalimu alikaa sakafuni akalifungua, akasoma tangu ukurasa wa kwanza. Kengele ikalia, hakuinuka. Kila kilichowahi kuandikwa ubaoni kilikuwemo, neno kwa neno. Palikuwa na "Usifute". Palikuwa na "Zamu ya kufagia: safu ya pili". Katikati ya maelezo ya nomino palikuwa na "Kumbuka kununua chumvi", ambayo mwalimu wa baiolojia alijiandikia pembeni ya ubao. Kwenye insha ya "Mtu Ninayempenda" alikuta mfano aliouandika yeye mwenyewe siku alipoitwa ofisini kabla hajamaliza. Twiga naye alikuwa ameishia pale pale: "Ninampenda kwa saba". Chini yake palikuwa na tiki nyekundu, "Vizuri sana, endelea hivyo", na saini.

Saini ilikuwa yake.

Mchana alimwita Twiga. Akamwambia aketi, na msichana akaketi sakafuni, magoti yakamfika kidevuni.

"Mwanangu, hapa niliandika nini?"

Twiga aliyatazama yale maandishi mekundu. "Yanasema umeridhika, mwalimu."

"Umeyasoma?"

"Hapana. Yakiwa mafupi, mwalimu huwa ameridhika."

Kisha akaeleza, bila kulalamika, kwamba mama yake huwapikia wajenzi wa barabara, na kila barabara ilipokwisha walihama. Kila shule aliyofika walikuwa wameshazipita herufi. Akawa anazichora. Alipopata tiki alidhani labda ndiko kusoma kwenyewe.

"Sikulisoma daftari lako," alisema mwalimu. "Nisamehe."

Twiga alimwambia haidhuru, walimu mna kazi nyingi. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayempa pole mfiwa, na hapo ndipo mwalimu aliposhindwa kujizuia, akatoa leso. Alipotulia alichukua kalamu, akaandika chini ya saini yake: "Tuanze na jina lako." Daftari likashuka uzito kidogo, na ubao uliokuwa chini yake ukaguna.

Walianza siku hiyo, kila mchana, mkate mkono mmoja na kalamu mkono mwingine. Wiki ya tatu Twiga aliweza kulibeba kwa mikono miwili. Wiki ya tisa aliandika insha yake mwenyewe: "Mama anapika. Moshi unamwingia machoni. Anasema halii."

Mwalimu hakupiga tiki. Aliandika: "Je, analia?"

Kesho yake daftari lilirudi na jibu: "Ndiyo. Mimi pia. Mwalimu, r yako inafanana na v, andika polepole." Mwalimu akaanza kuandika polepole.

Kwenye kikao aliomba walimu waruhusiwe kusoma madaftari kumi kwa wiki, wayasome kweli, mengine yasubiri zamu. Mwalimu mkuu, aliyempenda kama dada yake, alimsikiliza mpaka mwisho na kukiri kwamba ni kweli tupu. Ila fomu ya ukaguzi, alisema, ina nafasi ya tiki, haina nafasi ya kusoma. Kikao kikapitisha nguzo kumi na mbili za zege chini ya sakafu. Wakaguzi walipokuja walizisifu sana, na shule mbili jirani zikatuma watu kujifunza. Mwalimu wa lugha akaendelea na tiki zake mia tatu na thelathini kila wiki, na kumi akayasoma nyumbani baada ya kuosha vyombo.

Mlangoni pa chumba cha walimu pakabandikwa tangazo. Twiga alilikuta asubuhi moja akisukuma toroli la madaftari ya darasa lake. Alilitua, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza: "Ma-da-fta-ri ya-si-zi-di a-ro-ba-i-ni kwa me-za." Nyuma yake matoroli mengine yalipanga foleni, na wenzake wakamwambia apishe njia, watachelewa.

"Ngojeni," alisema Twiga, kidole kikiwa kwenye mstari wa pili. "Nasoma."