Dereva Ahamishwa na Majani

Godoro lilikuwa limeshavuka geti, na chini yake alikuwapo Dereva, akitembea kwa kukisia, maana godoro la futi tano likikaa kichwani linaziba dunia nzima isipokuwa vidole vyako vya miguu. Mkono mmoja ulishika ukingo wa godoro, wa pili ulibeba mfuko wenye suruali mbili, wembe, redio, na chupa ya dawa ya kuchua iliyomponza. Nyuma yake mkewe alisimama getini akimwelekeza: kushoto, kushoto tena, angalia shimo. Hata kufukuzwa, alifukuzwa kwa maelekezo.

Miaka thelathini na mmoja Dereva aliendesha malori ya masafa marefu, na kila safari aliondoka mwenyewe, kwa hiari yake, nyingine kwa haraka isiyo na maelezo mazuri. Aliporudi moja kwa moja, magoti yamekwisha, aliapa kwamba nyumbani hatatoka tena mpaka abebwe. Kiapo kilidumu mwaka na miezi miwili. Leo anatoka, tena godoro kalibeba yeye, na hakuna mwanamke wala askari anayemkimbiza. Kinachomtoa ni majani.

Majani yenyewe ni ya mlonge, mti ambao watu wa mtaa ule waliupanda uani kuzuia mbuzi, wakausahau. Kisha akaja Bibi Shamba, mtaalamu wa kilimo, na pikipiki yake na chati zake za kukunja, akawakusanya wanawake kumi na tisa, akawaambia kwamba kuna watu nchi za mbali wanauita moringa, wanaukoroga unga wa majani yake kwenye maziwa na kuunywa kabla ya kwenda kazini. Mama mmoja aliuliza kama watu hao wanaumwa. Huyo ndiye Mizani. Jina alilipata kwa sababu alishika mizani ya kikundi, na pia kwa sababu hakuna aliyepita mbele yake bila kupimwa.

Hawakuwa wanaumwa, ila walikuwa na masharti. Miezi mitano Bibi Shamba aliwafundisha kupanda kwa mistari, kukata mti usawa wa kiuno ili uchipue, kuuachia matawi machache upumue, kurudisha vijiti shambani vioze badala ya kuvichoma. Majani yaoshwe kwa maji ya chumvi, yachujwe maji, yatandazwe kwenye nyavu, yakaukie kivulini, kwani jua likiyaona tu yanapauka kama nguo iliyoanikwa mchana kutwa. Anayeyagusa anawe kwa sabuni hadi viwikoni, akate kucha, pete aiache kabatini. Mizani alisema yeye aliolewa bila kubembelezwa hivyo.

Chumba cha kukaushia kilipatikana kwa Mwenyekiti wa kikundi, ambaye ndiye mke wa Dereva. Watoto walishaondoka, chumba chao kilikuwa kitupu, kina madirisha mawili yanayotazamana. Wakakipaka chokaa, wakaziba madirisha kwa chandarua, wakapanga nyavu moja juu ya nyingine kama vitanda vya bweni. Mashine ya kusagia ikawekwa sebuleni, ikafunikwa shuka, ikingoja majani yakubaliwe kwanza. Kasoro ilikuwa moja. Nyumba haikuwa na dari, na ukuta wa chumba hicho uliishia kidogo juu ya kichwa cha mtu mrefu. Upande wa pili wa ukuta alilala Dereva na magoti yake.

Dawa ya magoti aliinunua kwa lita kutoka kwa mchanganyaji mmoja wa mpakani. Ilikuwa kafuri, mnanaa, na kitu cha tatu ambacho mchanganyaji alikataa kukitaja hata alipobembelezwa kwa soda. Nzi hawakutua alipokaa Dereva. Akija kukutembelea, ulijua kabla hajabisha hodi, na ukikumbuka kufunga mlango mapema uliweza kujifanya hupo.

Basi sampuli ya kwanza ikaenda kwa mnunuzi wa nchi za mbali, na jibu likarudi: rangi nzuri, ukavu mzuri, harufu ya kafuri. Wakaosha nyavu zote, wakatuma ya pili. Rangi nzuri, ukavu mzuri, kafuri. Mnunuzi aliongeza kwa adabu kwamba ataipokea ya tatu, na ikinuka atatafuta kikundi kingine.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Dereva mwenyewe, na viti alivipanga yeye. Mizani alisema jasho la watu kumi na tisa haliwezi kukwamishwa na magoti ya mtu mmoja. Wakapiga kura. Kumi na wanane walitaka aondoke, wa kumi na tisa aliinuka, akaenda kumkunjia mumewe shuka.

"Mpaka lini?" Dereva alimuuliza chumbani.

"Mpaka majani yapite."

"Na yasipopita?"

Mkewe aliendelea kukunja. Miaka yote ile ya malori alikuwa mtu wa kungoja, na mlonge ndio kitu cha kwanza alichokianzisha yeye mwenyewe. Dereva alijiinamia akalitoa godoro kitandani.

Alihamia kwa dada yake mdogo, fundi cherehani, barabara ya pili. Akapewa nafasi kati ya cherehani na rundo la magauni ya wateja, kwa sharti kwamba ajipake barazani. Habari za nyumbani alizipata kwa wapita njia: kuta zimepakwa chokaa upya, mapazia yamechemshwa, kitanda chake kimetolewa nje kama cha marehemu. Siku moja mkewe alimletea soksi. Alisimama hatua sita mbali, akasema usingizi haumjii, nyumba imenyamaza mno, hakuna anayekoroma mtu akagombana naye. Kisha upepo ukageuka, akarudi nyuma hatua mbili zaidi na kuaga.

Siku moja kabla ya kuchukuliwa sampuli ya tatu, pikipiki ilisimama mbele ya baraza. Bibi Shamba akashuka vipande vipande, mkono kiunoni.

"Shikamoo mzee. Ile chupa inaniishia, imebaki ya kesho tu."

"Marahaba. Chupa gani, mwanangu?"

"Uliyonipa siku ya kwanza ya mafunzo, pale getini kwako. Mgongo huu na barabara hizi, bila dawa yako ningeshaacha kazi. Najipaka kila asubuhi kabla ya kutoka. Siku hizi hata harufu yake siisikii."

Dereva aliitazama mikono ya Bibi Shamba. Akakumbuka. Mara mbili, akiwa mlangoni, alimwona Bibi Shamba akichukua sampuli: wanawake wamenawa hadi wamechubuka, naye anaingia, anachota majani kwenye wavu, anayasugua viganjani asikilize kama yanalia kwa ukavu, anayamimina humo humo kwenye mfuko wa sampuli, anafunga. Kwenye chati zake zote hapakuwa na picha ya mkaguzi akinawa.

Neno lilimfika ulimini, akalimeza. Akimwambia hapo barazani, Bibi Shamba atanawa kimyakimya, majani yatapita, na mtaa mzima utasema umeona, Dereva ametoka na harufu imetoka. Atazeeka kati ya magauni ya watu. Asiposema kabisa, mkewe atapoteza mlonge. Alimjibu kwamba dawa imemwishia na yeye, uongo ambao dada yake aliusikia ndani akakohoa.

Kesho yake saa nne asubuhi Dereva alikuwa getini kwake, vidole vya miguu sawasawa kwenye mstari wa geti. Wanawake walijipanga uani, mikono hewani kama madaktari wa upasuaji, na Bibi Shamba alikuwa akielekea kwenye mlango wa chumba.

"Bibi Shamba, nawa kwanza."

Mizani alimkumbusha kwamba mpaka wake ni geti. Dereva alisema anauona, hajauvuka.

"Mzee," Bibi Shamba alicheka, "mimi ndiye niliyewafundisha kunawa."

"Najua. Nawa. Asubuhi umejipaka mgongo."

Mwenyekiti alishusha mikono yake, akauliza taratibu:

"Baba watoto, mgongo wa Bibi Shamba wewe umeujulia wapi?"

Katika miaka thelathini na mmoja Dereva alikuwa ametunga majibu ya maswali ya namna hiyo, mengine mazuri kiasi kwamba aliyaamini mwenyewe. Leo alikuwa na ukweli mtupu, na ukweli ulitoka ovyo, ukianzia katikati. Alisema chupa. Alisema siku ya kwanza, pikipiki, huruma tu. Alisema alisahau. Mizani alisema kwa sauti kwamba hiyo huruma nayo ipimwe.

Mwenyekiti alimfuata Bibi Shamba, akamshika mkono wa kulia kama unavyomshika mtoto aliyeiba sukari, akaunusa. Akaja mpaka getini, akanusa wa mumewe. Akarudi akaunusa ule wa kwanza tena, na wote kumi na wanane wakimwangalia pua.

"Ni ile ile," alisema. "Mizani, kanawe tena. Leo unachota wewe. Bibi Shamba, tusamehe, kasimame kule getini na mwenzio."

Wakasimama wawili nje ya geti, mwalimu na mfukuzwa, wakitazama mlango wa chumba.

"Ungeniambia jana, mzee," Bibi Shamba alisema, macho chini.

"Jana ungenawa, mwanangu, na mimi ningezikwa na cherehani."

Sampuli ya tatu ilipita. Mashine ilifunuliwa shuka, na mzigo wa kwanza wa unga ulisafirishwa miezi miwili baadaye, kwenye mifuko isiyopitisha mwanga. Mnunuzi bado ananunua. Bibi Shamba anafundisha vikundi vingine. Chati yake ya kwanza sasa ina picha ya mkaguzi akinawa, na pikipiki ameiuza aupumzishe mgongo. Mizani hakuomba radhi, ila alimpelekea Dereva kiti chenye mto. Dada alipata nafasi yake na akalalamika kwamba amebaki mpweke. Godoro lilirudi siku ile ile majani yalipopita. Safari hii mke alishika upande mmoja. Chupa haikurudi. Imekaa dirishani kwa dada, na kila asubuhi Dereva huenda huko kujipaka, hukaa barazani mpaka harufu ipungue, kisha hurudi nyumbani kunawa.