Kidole cha Ida

Mwalimu Cuthbert alimvunja Ida kidole Jumamosi asubuhi, mbele ya okestra nzima, wiki mbili kabla ya onesho la Masasi na lile la Newala ambalo lingefuata.

Walikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, wamekaa kwenye viti vya plastiki, jasho linawatoka. Wengi walikuwa walimu na wakulima wa korosho, waliojifunza noti kwenye kwaya. Muziki wa zamani waliumudu. Safari hii Mwalimu Cuthbert alikuwa amechagua muziki wa karne ya ishirini, uliotungwa na mtu aliyepitia vita. Ngoma zilibamiza kama mtu anayevunja mlango, violini zilikwaruza, na hesabu ilibadilika kila mstari: tano, saba, tatu, halafu saba tena.

"Saba, Ida! Saba!" alifoka. "Unahesabu kama mlevi."

"Naomba turudie, Mwalimu."

Mwalimu aliongoza kwa fimbo ya mpingo. Miaka yote alikuwa akiwachapa nayo mabegani na mgongoni, na watu wazima wenye watoto wao walivumilia, kwa sababu ndiye aliyewafundisha tangu shule ya msingi. Waliporudia, Ida akaingia mapema tena. Fimbo ikashuka kwenye mkono wa kushoto, ule ulioshika shingo ya violini. Kila mtu alisikia mfupa ukivunjika. Ida alikitazama kidole kilivyopinda kwenda upande usio wake, kisha violini ikamponyoka.

"Okota," Cuthbert akasema.

Gervas, kaka yake Ida, alikuwa safu ya nyuma, tarumbeta mapajani. Alikuwa mkulima wa Lupaso, mtu asiye na maneno mengi. Alipita katikati ya viti akiviangusha, akampiga Mwalimu usoni kwa tarumbeta ileile. Pigo la kwanza lilipasua mdomo. La pili lilivunja taya. Cuthbert akaanguka chali juu ya ngoma kubwa, na Gervas akamkalia kifuani akimshindilia ngumi, mpaka Jafari, mpiga ngoma, akamkaba shingo kwa nyuma na kumvuta.

"Utaua, Gervas! Utaua!"

"Niache nimuue!"

Agatha, aliyeongoza safu ya violini, ndiye aliyewapakia majeruhi wote wawili kwenye bajaji moja kwenda hospitali ya Mkomaindo, Ida ameukumbatia mkono wake, Mwalimu anatema meno kwenye leso. Gervas alikwenda polisi kwa miguu yake mwenyewe, damu bado mikononi, akajisalimisha.

Katikati ya wiki Cuthbert alifika kituoni, taya limefungwa kwa waya. Maneno yalimtoka kwa shida.

"Nimefuta kesi."

Gervas alisogea kwenye nondo za mahabusu. "Kwa nini?"

"Tarumbeta. Hakuna mwingine wa kuipiga ile sehemu. Si hapa, si Newala."

"Kwa hiyo hujajuta. Kamwombe Ida radhi."

"Alikosea kuhesabu."

Gervas alipenyeza mkono, akamkamata kola, akamvuta mpaka lile taya likagonga chuma. Cuthbert alilia kama mtoto. Askari akaja mbio, lakini Mwalimu, machozi yakimtiririka, alimpungia mkono kumwambia hakuna kitu. Bado aliitaka tarumbeta yake.

Gervas aliachiwa jioni. Alikwenda kwa Ida, akamkuta mlangoni, plasta mkononi, amejifunga kitenge cha kutokea.

"Unakwenda wapi?"

"Polisi. Yeye amefuta kesi yake, mimi nafungua yangu."

"Dada, si nimeshampiga?"

"Umempiga, umepoza hasira zako. Zangu ziko palepale. Wewe ulitaka afe, mimi nataka aulizwe mbele za watu. Daktari amesema kidole hakitakunjika tena." Akafunga mlango. "Nisindikize. Na ukifika pale unyamaze, nitaongea mimi."

Gervas alimfuata nyuma, kichwa chini.

Mwalimu Cuthbert alikamatwa kesho yake. Onesho la Masasi aliliongoza Agatha kwa upinde wa violini. Kwenye zile hesabu za saba walivurugana kabisa, wakasimama mbele ya watu, wakaanza upya. Walipotoka, wapwa wa Cuthbert walikuwa wanangoja nje na mawe. Moja lilimpasua Jafari paji la uso. Gervas aliinama kuokota lililoanguka miguuni pake, akamwona Ida anamtazama, akalitupa pembeni. Wakapanda gari huku vioo vikipasuka.

Newala walipiga vizuri kuliko walivyotarajia. Ida alikaa safu ya mbele ya watazamaji hadi violini zilipoanza sehemu yake, akanyanyuka, akatoka nje kwenye upepo wa baridi. Agatha alimfuata baada ya makofi.

"Tumeamua, mdogo wangu. Kesi ikiisha uje uwafundishe watoto muziki mahali pa Mwalimu."

"Dada Agatha, leo nikishika fimbo ya kuongozea sijui nitafanya nayo nini, huenda nikamchapa mtoto," Ida akasema. "Niulize mwakani."

Agatha hakumbembeleza. Alivua sweta lake akamfunika mabegani, wakasimama pale wawili mpaka gari lilipowashwa.