Saini Iliyotulia

Mimi sina subira, nalijua hilo. Ukikaa dirishani benki, foleni imefika mlangoni na feni imekufa, hata mtu akikohoa unaona anakuchelewesha. Ndivyo nilivyokuwa siku mzee mmoja, seremala mstaafu, alipokuja na hundi yake.

Mkono ulikuwa unamtetemeka. Saini ilipanda, ikashuka, ikaishia nje ya mstari. Nikailinganisha na ile ya zamani tuliyonayo kwenye kompyuta, imenyooka, ya mtu mwenye nguvu zake.

"Mzee, hii ni saini au ramani?" nikamwambia kwa sauti. Watu wakacheka, naye akacheka kidogo.

"Ni yangu, mwanangu. Mkono ndio umechoka."

"Benki haijui habari za mkono. Nenda kasaini vizuri."

Akarudi wiki iliyofuata, nikamrudisha tena. Fomu ya kubadilisha saini ilikuwepo, ukurasa mmoja tu, kwenye droo karibu na goti langu. Lakini ukiitoa hiyo itabidi utafute picha, kitambulisho, na meneja aje agonge muhuri, na mimi njaa ilikuwa inaniuma. Sikumwambia.

Mara ya tatu hakuja mwenyewe. Alikuja mkwe wake, mume wa binti yake, mtu wa maneno matamu, na hundi yenye saini iliyotulia kabisa.

"Mzee amepata nafuu, eti?" nikauliza.

"Sana tu, dada yangu."

Nikalipa. Akawa anakuja yeye kila mara, na kusema kweli nilifurahi, hundi zake hazinisumbui.

Ya mwisho ilikuwa ya pesa nyingi mno. Namba yake ilikuwa imeruka mbali na zilizotangulia, maana ilichanwa kwenye kurasa za mwisho za kitabu cha hundi ili mzee asione pengo. Namba niliiona. Na utaratibu wetu unasema pesa nyingi namna ile umpigie simu kwanza mwenye akaunti. Nikatazama saini, nikaona safi, nikagonga muhuri.

Leo asubuhi mzee amekuja na mkewe, kamshika mkono kwa sababu mama wa watu haoni vizuri. Walikuja kutoa pesa za upasuaji wa macho yake. Akaunti haikuwa na kitu. Mkwe naye simu kazima, nyumbani kahama. Tukaitwa sote kwa meneja.

"Nani alikuwa anasaini hizi hundi?" meneja akauliza.

Mzee akainamisha kichwa. "Mkwe wangu. Nilimfundisha mwenyewe, pale mezani nyumbani, mpaka akaipatia. Yangu ilikuwa inakataliwa."

Yule mwizi nimemtengeneza mimi.

Meneja akaguna. "Mzee, ukimruhusu mtu akusainie, hasara ni yako. Labda kama hukuelezwa kwamba saini inaweza kubadilishwa. Hapo kosa litakuwa letu, na benki itakurudishia." Akanigeukia. "Ulimweleza?"

Nikajua nikifungua mdomo tu, unga wangu umemwagika. Nikafikiria kodi ya nyumba, nikamfikiria mdogo wangu ninayemsomesha. Mzee akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, ila niliona ananionea huruma, yeye aliyeibiwa, na aibu ilinishika mpaka masikioni.

"Alinieleza," akasema. "Binti wa watu alinieleza vizuri sana. Mimi ndiye sikuelewa. Msimwonee."

Mkewe akageuza uso taratibu kuifuata sauti yake. "Alikueleza, mume wangu? Mbona hukuniambia?"

Mkono wa mzee ulikuwa unatetemeka juu ya goti la mkewe, na mkewe akaufunika kwa wake.

"Haya basi," meneja akasema, akachukua kalamu aandike. Nilikuwa nimeshaokoka. Kilichobaki ni kukaa kimya tu.

"Bosi, usiandike," nikasema, machozi yananitoka. "Huyu mzee anadanganya. Sikumweleza kitu."